Bronx: wilaya iliyoungua, na watu waliokataa kuhama

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye mjadala wa muziki jamaa mmoja aliandika kwamba Bronx ya New York iliteketezwa na wakazi wake wenyewe kwa uzembe, na wachangiaji kadhaa wakamuunga mkono. Jibu la mistari mitatu lisingetosha, ndiyo maana nafungua uzi huu. Kauli hiyo imezungushwa kwa karibu miaka hamsini, na waliounguliwa nyumba zao ndio wamekuwa wakibebeshwa lawama. Wanastahili mtu aeleze vizuri moto ule ulitoka wapi.

Nitaandika kwa vipande. Mwenye swali aulize, nitajibu humu humu.

Tuanze na mahali penyewe. Jiji la New York lina wilaya tano, na Bronx ndiyo pekee ambayo sehemu yake kubwa iko bara. Manhattan na Staten Island ni visiwa, Brooklyn na Queens ziko kwenye ncha ya kisiwa cha Long Island. Kabla ya Wazungu ardhi hii ilikuwa ya Walenape. Mwaka 1639 akaja Jonas Bronck, mtu wa asili ya Sweden aliyetokea Uholanzi, akafungua shamba, na mto wa jirani ukaja kubeba jina lake. Kwa zaidi ya miaka mia mbili iliyofuata palikuwa mahali pa mashamba na majumba ya matajiri. Kati ya waliolima walikuwemo watumwa. Ndani ya bustani kubwa ya Van Cortlandt kuna makaburi ya Waafrika waliofanywa watumwa na familia ile ile iliyoipa bustani jina, na ni mwaka 2021 tu ndipo mahali hapo palipopewa jina rasmi la kuwatambua.

Upande wa magharibi wa mto uliunganishwa na jiji mwaka 1874, wa mashariki 1895, na 1898 Bronx ikawa wilaya kamili. Kilichoibadilisha hasa ni treni. Reli zilipofika, familia zilizobanana kwenye vyumba vya giza kule chini Manhattan zikapanda kaskazini kutafuta hewa. Mwaka 1900 wakazi walikuwa kama 200,000, mwaka 1930 wamepita milioni 1.26, na karibu nusu yao walikuwa Wayahudi. Waitaliano walijaa Belmont, kwenye Arthur Avenue, Waayalandi wakashika mitaa mingine. Barabara ya Grand Concourse, iliyofunguliwa 1909, ilikuwa na safu za miti na majengo yenye lifti na kumbi za kuingilia zilizonakshiwa. Fundi cherehani aliyehamishia familia yake Concourse alionekana kafika. Uwanja wa Yankee ulifunguliwa tarehe 18 Aprili 1923, lakini habari za besiboli nawaachia wenye kuzijua.

---

Kuna mkuu kauliza hapo juu kama ni kweli kuna Mkongo aliwahi kuwekwa kwenye bustani ya wanyama ya huko. Ni kweli, na sipendi kulipita suala hili haraka.

Jina lake Ota Benga, Mbuti kutoka Kongo, enzi Kongo ikiwa mali binafsi ya mfalme Leopold. Alichukuliwa na Mmarekani aitwaye Samuel Verner kwenda kuonyeshwa kwenye maonyesho ya kimataifa ya St. Louis mwaka 1904. Septemba 1906 bustani ya wanyama ya Bronx ikamweka kwenye nyumba ya nyani, watu wakapanga foleni kumtazama. Meno yake yalikuwa yamechongwa kwa mila za kwao, na watazamaji wakaambiwa hiyo ni dalili ya ukali. Waliopaza sauti walikuwa wachungaji weusi wa jiji hilo wakiongozwa na James Gordon, aliyesimamia kituo cha yatima weusi huko Brooklyn. Walipiga kelele mpaka akatolewa, wakamchukua wao. Baadaye alipelekwa Lynchburg, Virginia, akafanya kazi huko, akitamani kurudi kwao. Vita Kuu ya Kwanza ikafunga njia. Machi 1916 alijipiga risasi. Shirika linaloendesha bustani hiyo liliomba radhi Julai 2020. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi.

---

SASA BARABARA

Ukitaka kuelewa moto, anza na barabara. Baada ya Vita vya Pili alikuwepo ofisa mmoja, Robert Moses, mwenye madaraka juu ya barabara, madaraja na bustani za New York kuliko meya yeyote, na hakuwahi kuchaguliwa kwa kura kushika madaraka hayo. Mwaka 1948 akaanza kujenga Cross Bronx Expressway, barabara ya magari ya mwendo kasi inayoikata wilaya katikati kutoka mto hadi mto. Ilipita juu ya vitongoji vilivyojaa watu.

Pale East Tremont, Desemba 1952, familia zilipata barua yenye sahihi ya Moses: mna siku 90, tafuteni pa kwenda. Kwenye kipande cha kama kilomita moja na nusu tu, nyumba 1,530 zilikuwa kwenye njia. Wakazi wengi walikuwa Wayahudi wa vipato vya kawaida, washona nguo na makarani, waliolipa kodi ndogo kwa vyumba vizuri karibu na bustani ya Crotona. Mama mmoja wa nyumbani, Lillian Edelstein, aliongoza upinzani. Walitafuta wahandisi, wakaonyesha kwenye ramani kwamba barabara ikisogezwa kidogo kusini, kando ya bustani, majengo yatakayobomolewa yatakuwa sita tu. Moses akakataa. Wakashindwa.

Naomba mlitazame hilo kwa makini, maana wengi wanadhani mtaa hufa siku unapoanza kuungua. East Tremont ilipigwa miaka ishirini kabla. Waliobaki kando ya shimo la ujenzi waliishi na milipuko na vumbi, wenye uwezo wakaondoka, wenye nyumba wakapangisha bila kukarabati. Huo ndio mtaa waliopewa Wapuerto Rico na weusi waliohamishwa kutoka sehemu nyingine za jiji.

---

MOTO

Nakuja kwenye kauli ya yule jamaa.

Miaka ya 1930 shirika la serikali ya Marekani la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji na kupaka rangi kila mtaa kwa kiwango cha hatari. Walikokaa weusi au walikoanza kuhamia palipakwa nyekundu. Benki zikafuata. Ukiwa na jengo kwenye eneo jekundu, hupati mkopo wa kubadili boila wala paa, na anayetaka kununua kwako naye hapati mkopo. Baada ya vita, serikali hiyo hiyo ikadhamini mikopo ya Wazungu kwenda kujenga nje ya mji. Mwaka 1968 ndani ya Bronx yenyewe kukafunguliwa Co-op City, minara 35 yenye nyumba zaidi ya 15,000, na familia nyingi za Concourse zikahamia huko.

Mwenye jengo South Bronx akabaki na mali asiyoweza kuuza wala kukopea. Wa kwanza kukatwa walikuwa wapangaji: hakuna maji ya moto, hakuna joto wakati wa baridi, lifti imekufa, ukilalamika huoni mtu. Halafu bima. Baada ya ghasia za miaka ya 1960 makampuni ya bima yalikuwa yamekimbia mitaa ya namna hiyo, na mwaka 1968 serikali ikaanzisha mpango wa kuhakikisha majengo hayo yanapata bima. Nia ilikuwa njema, ila usimamizi ulikuwa mbovu. Jengo bovu liliweza kuuzwa baina ya kampuni za karatasi, bei ikipanda kila mauzo, kisha likakatiwa bima kwa bei hiyo ya juu. Baada ya hapo lilikuwa na thamani kubwa likiwa majivu kuliko likiwa na watu. Kijana wa mtaani alipewa vijisenti na galoni ya petroli, hundi ya bima ikaenda kwa mtu aliyekaa mbali kabisa.

Niseme ukweli wote. Wapo wapangaji waliowasha moto pia, kwa sababu familia iliyounguliwa ilitangulizwa kwenye foleni ya nyumba za serikali. Wapo waliochoma ili kuvuna mabomba ya shaba wauze. Na moto mwingi haukuwashwa na mtu yeyote: nyaya zilizochakaa, hita za kubahatisha kwenye vyumba visivyopashwa joto. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linaloanzia kwa mama aliyekuwa amelala na watoto ghorofa ya nne.

Kisha zimamoto. Jiji lilikuwa likielekea kufilisika, na kuanzia 1972 likafunga au kuhamisha vikosi vya zimamoto kwa kufuata hesabu za kompyuta za taasisi ya utafiti ya Rand. Hesabu zile zilipima sana muda wa gari kufika na zikashindwa kuonyesha hali halisi ya mtaa wenye moto mitatu kwa wakati mmoja. Vikosi vikapungua mahali ambako wazimamoto hawakuwa wakipata hata nafasi ya kulala. Mwaka 1976 mkuu wa idara ya nyumba wa jiji, Roger Starr, alisema hadharani kinachofaa ni kuipunguza mitaa hiyo kwa mpango: huduma ziondolewe, watu wataondoka wenyewe.

Wakaondoka. Sensa ya 1970 ilikuta watu 1,471,701, ya 1980 ikakuta 1,168,972. Zaidi ya watu laki tatu kwa miaka kumi, bila vita. Kuna maeneo saba ya sensa yaliyopoteza zaidi ya asilimia 97 ya majengo yake kwa moto na kutelekezwa.

Oktoba 1977 Rais Jimmy Carter alifika Mtaa wa Charlotte akapigwa picha amesimama katikati ya vifusi. Siku chache baadaye, mechi ya fainali ikichezwa Yankee Stadium, kamera ya juu ikaonyesha jengo linawaka jirani na uwanja. Ile sentensi maarufu ya "mabibi na mabwana, Bronx inaungua" inayodaiwa kutamkwa na mtangazaji Howard Cosell haimo kwenye rekodi ya matangazo kwa maneno hayo. Watu waliitunga baadaye ikakaa kuliko alichosema kweli. Kilichoenda dunia nzima ni picha ya moto, na hakuna kamera iliyoonyesha nani kalipwa.

---

Mkuu mmoja anasema nimeandika mabaya tu, na hip hop je? Nilikuwa nakuja huko, na huwezi kuifikia bila kupitia Hoe Avenue.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 South Bronx iligawanyika vipande vipande na magenge ya vijana. Ukivaa koti lenye nembo ya kwenu ukavuka mtaa, unaweza usirudi. Genge moja, Ghetto Brothers, wengi wao Wapuerto Rico, lilikuwa pia na bendi ya muziki. Desemba 1971 walimtuma mwenzao, Cornell Benjamin, kijana wa miaka 25 aliyekuwa mpatanishi wao, kwenda kutuliza ugomvi. Akapigwa hadi kufa. Magenge yote yakasubiri tangazo la vita. Viongozi wa Ghetto Brothers wakaenda kwa mama wa marehemu, akawaambia mwanawe aliishi kwa ajili ya amani na hataki damu kwa jina lake. Tarehe 8 Desemba magenge yakakutana kwenye klabu ya vijana ya Hoe Avenue na kuweka makubaliano. Hayakuleta pepo, mapigano yaliendelea huku na kule. Lakini mipaka ililegea, na kijana akaweza kwenda dansi mtaa usio wake.

Mwaka na miezi minane baadaye, tarehe 11 Agosti 1973, binti aitwaye Cindy Campbell alitaka pesa ya nguo za shule. Akakodi ukumbi mdogo wa wapangaji chini ya jengo lao, namba 1520 Sedgwick Avenue, ghorofa refu lililo karibu kabisa na ile barabara ya Moses. Matangazo yaliandikwa kwa mkono kwenye vikadi. Kiingilio: wasichana senti 25, wavulana senti 50. Kaka yake Clive, aliyezaliwa Jamaica na kujiita Kool Herc, ndiye aliyepiga santuri, akiwa na spika za baba yao.

Herc alikuwa amewachunguza wachezaji. Aliona wanasubiri kile kipande kifupi ambapo waimbaji wanakaa kimya na ngoma zinabaki peke yake, hapo ndipo wanapojitupa katikati. Kipande chenyewe ni cha sekunde chache. Akawa anaweka nakala mbili za santuri moja kwenye mashine mbili: ngoma zikiisha upande huu, anaanzisha upande ule, anarudisha ya kwanza nyuma, anaanza tena. Juu yake anaita majina ya watu kwa kipaza sauti, kama walivyofanya wapiga santuri wa Kingston, Jamaica. Grandmaster Flash, mzaliwa wa Barbados aliyekulia Bronx, akaja kuweka alama kwenye santuri kwa krayoni ili kupata mahali hasa pa kuanzia. Dansi zikahamia viwanjani na kwenye bustani, umeme ukivutwa kutoka nguzo za taa za barabarani.

Tazameni tarehe. Huo ni mwaka 1973, moto unawaka. Vijana walionyang'anywa karibu kila kitu wamekaa kwenye jengo pembeni ya barabara iliyowavunjia mitaa, wanatengeneza kitu ambacho leo kinapigwa kuanzia Temeke hadi Tokyo.

Na kabla ya hapo Bronx ilikuwa na muziki wake. Longwood na Mott Haven zilijaa wanamuziki wa Kipuerto Rico na Kikuba, na Willie Colón, nyota wa salsa, alizaliwa huko mwaka 1950. Duka la santuri la Casa Amadeo lilianza 1941 mikononi mwa mama mmoja, Victoria Hernández. Yeyote aliyeandika kwamba hip hop ilitokea jangwani hakuijua wilaya hii.

---

WALIOBAKI

Kwangu hiki ndicho kipande muhimu kuliko vyote, na ndicho kinachorukwa.

Kelly Street ni mtaa uliopinda kama ndizi. Mwaka 1977 majengo matatu yalikuwa kwenye orodha ya kubomolewa. Wakazi wakaingia wenyewe ndani, wakazoa taka, wakapanga tofali, wakabadilisha mabomba, kazi yao ikahesabiwa kuwa malipo ya awali ya nyumba. Wakajiita Banana Kelly, na kauli yao ilikuwa fupi: usihame, rekebisha. Hawakuwa na mtaji. Walikuwa na ndoo, nyundo na jioni zao baada ya kazi.

Karibu na Charlotte alikaa Genevieve Brooks, mzaliwa wa South Carolina. Alianza kwa kuwakusanya majirani kufagia na kudai taka zizolewe. Mwaka 1974 akashirikiana na makanisa na vyama vya wapangaji kuunda Mid-Bronx Desperadoes. Miaka ya 1980, pale pale aliposimama Carter, zikajengwa kama nyumba 90 za familia moja moja, zenye bustani na uzio mweupe. Wataalamu walibishana kwamba ni ujinga kujenga nyumba za chini katikati ya jiji. Waliozinunua wakazipalilia, na zipo hadi leo.

Evelina Antonetty naye alianzisha umoja wa wazazi wa Bronx mwaka 1965, akadai shule zifundishe watoto kwa Kihispania pia na wale chakula cha maana. Julai 1970 vijana wa Young Lords, kundi la harakati la Wapuerto Rico, waliingia hospitali ya Lincoln alfajiri na kuishikilia kwa saa kadhaa, kwa sababu jengo lilikuwa bovu kiasi cha kuhatarisha wagonjwa. Hospitali mpya ilifunguliwa 1976.

Jiji lenyewe lilifanya nini wakati huo? Mwanzoni mwa miaka ya 1980, enzi za meya Koch, lilibandika karatasi za plastiki kwenye madirisha ya majengo matupu yanayoonekana kutoka barabara kuu. Zilichorwa mapazia na vyungu vya maua, ili wapita njia waone kama kuna watu ndani. Watu walikasirika na walikuwa na haki. Haki itendeke pia kwa Koch: mwaka 1986 alitangaza mpango wa miaka kumi wa kujenga na kukarabati nyumba kwa mabilioni ya dola, na sehemu kubwa ya South Bronx mnayoiona leo imesimama kwa fedha hizo. Lakini fedha zilimkuta nani? Zilivikuta vikundi vya mtaa vilivyokuwa vimeshajifunza kazi kwa miaka kumi.

---

Swali la mwisho nililoliona: Waafrika wa sasa wako wapi huko?

Ni wengi sana. Waghana, Wagambia, Wamali na Waginea wameshika maeneo ya Concourse, Tremont na Highbridge, kuna misikiti, maduka ya vitenge, saluni za kusuka, vyakula vya kwao. Sensa ya 2020 ilikuta wilaya ina watu 1,472,654, yaani imerudi pale pale ilipokuwa 1970, na wahamiaji ndio sababu kubwa.

Wamelipa gharama pia. Tarehe 4 Februari 1999, Amadou Diallo, Mginea wa miaka 23 aliyekuwa akiuza bidhaa ndogo ndogo barabarani, alipigwa risasi na polisi wanne mlangoni kwake, Wheeler Avenue. Walifyatua 41, zikampata 19. Alikuwa ameshika pochi. Wote wanne waliachiwa na mahakama mwaka 2000. Tarehe 9 Januari 2022, kwenye ghorofa la Twin Parks, hita ya umeme ilishika moto, na milango iliyopaswa kujifunga yenyewe haikujifunga. Moto ulibaki chini, moshi ukapanda ngazi. Walikufa 17, wanane wakiwa watoto, wengi wa familia za Kigambia. Ni hita ya namna ile niliyoitaja juu, ya kuongeza joto chumbani.

Na barabara bado ipo. Malori yanayoelekea soko kuu la vyakula la Hunts Point, linalolisha sehemu kubwa ya jiji, yanapita humo mchana na usiku, na pumu kwa watoto wa South Bronx iko juu kuliko karibu kila mahali nchini humo. Mwaka 2022 jiji lilipata dola milioni 2 za serikali kuu kufanya utafiti wa kuibadilisha Cross Bronx. Wakazi wengi wanataka sehemu zilizo kwenye mtaro zifunikwe kwa bustani juu yake. Wengine wanauliza bustani ikishajengwa kodi itapanda mpaka wapi, na nani atakuwa bado anakaa hapo. Ni hofu ya kweli, maana kando ya mto Harlem minara mipya ya kodi kubwa tayari imeota.

Yule jamaa wa mjadala wa muziki nimemtaja huku apite asome. Kama ana hoja tofauti kuhusu bima au zimamoto aiweke na ushahidi wake, tutaijadili.